Uzoefu wangu: hospitali ya watoto Entebbe na hofu ya mwanangu

Mzazi unayejiandaa kumpeleka mtoto Hospitali ya Upasuaji wa Watoto ya Emergency (shirika la misaada la Italia), Entebbe, Uganda, matibabu ni bure, hilo pengine umeshalisikia. Mimi nataka kueleza walivyomtuliza mwanangu.

Ana miaka 6 na alizaliwa na kasoro ya utumbo. Mahali tulipolazwa mwanzo, kila aliyeshika sindano alimwambia "haiumi", kisha watu wawili wakambana miguu. Toka siku hiyo, akiona tu koti jeupe anajificha nyuma ya gauni langu.

Entebbe nesi alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Akamwambia: "Itauma kidogo kama siafu amekuuma, halafu itaisha. Tutumie mkono upi?" Yeye anaongea Kiganda, mtoto anajua Kiswahili na Kisamia, kwa hiyo kila sentensi alingoja nimalize kutafsiri ndipo aendelee. Mtoto alilia, ndiyo. Lakini mkono aliutoa mwenyewe! Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko pipi zote tulizowahi kumhonga.

Dawa ya usingizi nayo alielezwa hivyo hivyo: utalala, hutasikia kitu, ukiamka utamkuta mama. Waliniita mapema, na alipofumbua macho nilikuwa nimemshika kidole. Ahadi kwa mtoto mgonjwa isivunjwe hata moja, maana ikivunjwa hiyo, hata daktari mpole hataaminiwa. Kwetu mama kulala na mgonjwa ni desturi hata hatuifikirii, kumbe Uingereza ilibidi kamati iliyoongozwa na daktari Harry Platt iandike ripoti mwaka 1959 kuomba wazazi waruhusiwe kuwa karibu na watoto wao wodini.

Jengo lenyewe linasaidia. Lilichorwa na msanifu majengo Renzo Piano wa Italia, likafunguliwa 2021, na kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa pale pale. Kuna bustani, na Ziwa Viktoria liko karibu. Mtoto wa kijijini aliyezoea kushinda nje hawezi kupona akitazama ukuta mtupu. Wangu alipoanza kutembea, kila asubuhi alidai twende kwenye miti.

Tulipotoka nesi alinionya kwamba anaweza kukojoa kitandani au kunigandama nyumbani, nisimchape wala kumwaibisha. Ikawa kweli, na ikapita yenyewe. Bila onyo lile, shangazi zake wangesema amerogwa.

Walezi wa kutoka mashariki, wekeni akiba ya nauli. Toka Busia ni basi hadi Kampala, kisha taksi ya Entebbe, na huku nyumbani lazima awepo wa kubaki na wadogo. Beba leso ambayo mtoto huzoea kulalia, usiifue kabla ya safari. Harufu ya nyumbani ilimlaza wangu usiku wa kwanza.