Kalafati ya Mashua Yetu: Tathmini ya Fundi wa Ufukweni Malindi

Mashua tunayoimiliki mimi na shemeji yangu ina urefu wa futi 22, na mwaka huu upepo wa kusi ulipoanza mabaharia walilazimika kufua maji, yaani kuyachota chomboni na kuyamwaga nje, kila baada ya nusu saa, jambo ambalo katika chombo cha wavuvi wanne lina maana kwamba mmoja wao hashiki mshipi kabisa. Tuliipandisha pwani wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya bahari, tukaiegemeza kwenye magogo, tukamtafuta fundi wa kalafati, yaani wa kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya wenye vyombo vidogo wanaofikiria kumpa kazi fundi wa aina hiyo, anayefanyia kazi mchangani si mbali na gati, bila karakana wala kibao cha jina. Kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, msomaji atanisamehe nikichanganya habari za mbao na habari za imani. Siku zile nilizokaa chini ya mvinje nikimtazama, sikuweza kuzitenganisha.

Niseme kwanza kuhusu kazi yenyewe. Wapo mafundi wanaoshindilia pamba mpya juu ya ile ya zamani, wakapaka rangi, na mwenye chombo akaridhika kwa sababu haoni ufa. Huyu alikataa. Kwa siku mbili nzima hakugonga pamba hata kidogo. Alikuwa akikwangua tu na kuvuta kwa kulabu nyuzi nyeusi zilizooza, nyingine zikiwa zimegandamana na rangi za matengenezo yaliyopita. Shemeji alinung'unika kwamba tunamlipa mtu atuharibie mali. Fundi alipomaliza, mwanga wa jua ulikuwa ukipenya kati ya ubao na ubao, na nikiri kwamba hata mimi niliingiwa na hofu. Ndipo alipoanza kusokota pamba, kuichovya katika mafuta na kuigongelea ndani kwa chembeu, ile patasi butu ya kalafati, akitumia nyundo ya mti na kusikiliza zaidi kuliko kutazama, kwa maana mlio ukibadilika hujua kwamba pamba imefika mahali pake. Mwisho alipaka deheni ya chokaa na shahamu sehemu yote inayokaa chini ya maji, akapitisha kiganja chake kuanzia omo, yaani mbele, hadi shetri, yaani nyuma ya chombo, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Hilo neno shetri limo katika Biblia tunayoisoma kanisani, katika Marko 4, mahali alipolala Yesu dhoruba ilipovuma. Wahubiri wanaotujia kutoka bara hulipita mbio, ilhali hapa mtoto yeyote wa mvuvi atakuonyesha shetri kwa kidole. Mimi nami nina yangu niliyoyapita mbio. Ezekieli 27 nimeisoma mara nyingi, na kila mara nilisimama kwenye mwerezi wa mlingoti wa Tiro, mji ambao nabii anaufananisha na merikebu, pembe za ndovu na tanga la kitani kutoka Misri, nisijali kwamba katika orodha hiyohiyo nabii anawataja wazee wa Gebali, ambao kazi yao ilikuwa kuziba nyufa za merikebu. Sasa naelewa kwa nini aliwaweka pamoja na vitu vya thamani vile, kwa sababu bila wao tanga hilo zuri lingezama kama gunia kuukuu.

Jambo lililonifanya niandike, hata hivyo, ni lile alilotuambia siku ya nne. Mashua ilikuwa imekauka kwa jua, na nafasi karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, zilikuwa zimepanuka hadi kidole cha mtoto kingeweza kuingia. Tulimsihi ashindilie pamba kwa nguvu pale. Aliweka nyundo chini, akasema, "Mzee, ubao huu una kiu. Ukiujaza sasa, siku utakapokunywa maji utakosa nafasi ya kufura, utang'oa misumari." Akatueleza kwamba ubao uliokauka hujinywea maji na kufura mpaka ukaubana ubao mwenzake, na kwamba nusu ya kalafati hufanywa na bahari yenyewe, kazi ya fundi ni kuiachia bahari nafasi yake. Akatuonya kwamba siku ya kwanza mashua itavuja sana, na kwamba tusiirudishe pwani kwa hofu, bali tuiache ielee kwenye maji madogo huku tukiifua.

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka kijana mmoja aliyerudi katika ushirika wetu baada ya kutoonekana kwa miaka mingi. Tulimpokea kwa nyimbo. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumempa nafasi katika kwaya, zamu ya kesha na ukatibu wa vijana, tukamwita pia mbele ya wazee ajieleze kuhusu ndoa yake. Kikao hicho nilikiongoza mimi. Tulitaka asivuje hata tone siku ya kwanza, naye kabla ya Pasaka alikuwa ameondoka, safari hii bila kuaga. Mahubiri kuhusu mwana mpotevu nimeyatoa mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, lakini ilinilazimu kumsikia fundi Mwislamu, anayeanza kila ubao kwa bismillahi, ndipo nielewe tulichomfanyia.

Kasoro zipo, na si ndogo. Fundi aliahidi kumaliza kabla ya bamvua ya mwezi mpevu, kisha akaenda harusini Mambrui kwa siku tatu bila kutuarifu, na aliporudi maji yalikuwa yameanza kupungua, hayafiki tena ilipo mashua. Tulingoja bamvua nyingine karibu wiki mbili, mabaharia wakiwa hawana kipato. Katika kungoja huko nilitembea jioni moja hadi kwenye kanisa dogo la Wareno, nikajituliza kwa kumfikiria mmisionari Francis Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India baada ya kukaa Msumbiji miezi kadhaa akisubiri upepo. Faraja hiyo haikumsaidia shemeji. Kuhusu malipo, tulipatana kwa mdomo shilingi 12,000 za ufundi, pamba na mafuta tukanunua wenyewe, lakini mwishoni alidai 1,500 zaidi za deheni, ambayo mimi nilidhani imo ndani. Nililipa, ila namshauri yeyote aandike makubaliano, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

Siku tuliyoishusha iliingiza maji kama tulivyoambiwa. Jioni ya kwanza tulifua ndoo 40, na shemeji akanitazama kwa namna nisiyotaka kuieleza. Siku ya pili zilikuwa 11, na asubuhi ya nne maji ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, hayakuzidi kina cha kidole. Mahali pamoja tu, karibu na shetri, paliendelea kutiririka. Fundi alikuja kupatazama siku hiyohiyo tuliyomwita, akang'oa pamba ya urefu wa shubiri mbili na kuigonga upya, asitake hata senti. Kwa sasa mabaharia hufua mara moja tu, wanaporudi adhuhuri, na wote wanne wanavua.

Kwa ufundi ningempa nyota tano, kwa utunzaji wa ahadi mbili. Anayetaka kumpa kazi amfuate asubuhi mapema, asimtarajie Ijumaa baada ya saa tano, na aende na pamba safi ya nyuzi ndefu. Sisi mara ya kwanza tulimpelekea ya godoro, akaturudishia mfuko bila kusema neno.