Kigari chenye kiti hapa Iyunga, Mbeya: nilipatia cha pili

Kigari changu cha kwanza cha kuegemea nikitembea kililetwa na mpwa wangu kutoka Dar es Salaam, kiko ndani ya boksi, kinang'aa, kiti chake cheusi na laini kama cha basi jipya. Sebuleni kilikwenda kama maji. Siku ya tatu nikatoka nacho getini, hatua kama kumi na tano hivi, gurudumu la mbele la kushoto likaingia kwenye ufa uliochimbwa na mvua, upana wa vidole vitatu tu, likang'ang'ania humo. Kigari kikasimama, mimi nikaendelea. Bahati nzuri nilikuwa naenda polepole. Niliishia kukilalia kile kiti kwa kifua, miwani imedondoka kwenye vumbi, na watoto wa jirani wananiuliza, "Babu, umepoteza nini?"

Nimefanya kazi reli ya TAZARA miaka 31, upande wa mabehewa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilishinda chini ya behewa nakagua breki na magurudumu. Ndiyo maana nilijionea aibu: nilipokea kitu chenye magurudumu manne, nikakisifia kiti, magurudumu yenyewe sikuyapima.

Sasa niseme kwa nini nakihitaji, kwa sababu wengi wakiniona wanadhani ni magoti. Magoti yangu mazima. Shida ni kiuno. Daktari aliniambia ile njia inayopita mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo imekuwa nyembamba kwa ajili ya umri, inabana. Nikitembea wima hatua mia mbili, mapaja na vigimbi vinawaka moto, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Nikikaa dakika tatu au nne inapoa, naweza kwenda tena mia mbili nyingine. Fimbo nilitembea nayo mwaka mzima, ikaniongezea tu uchovu wa bega.

Binti mmoja mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifungua macho, na alinifungua kwa swali ambalo sikulitegemea. "Shikamoo babu. Ukisukuma baiskeli yenye madumu ya maji, unaumia hivyohivyo?" Nikafikiri. Kweli bwana, siku bomba la kwetu linapokata nasukuma baiskeli na madumu mawili kutoka kwa jirani wa mbali hadi nyumbani, na sisimami njiani. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. Akanieleza kwamba ukiinama kidogo mbele na kuegemea vishikio, ile njia ya mishipa inafunguka kidogo, ndiyo maana maumivu yanachelewa kuja. "Wewe unahitaji kitu cha kusukuma, na mahali pa kukaa kiuno kikikuzidi." Yeye alikiita rolata. Mtaani kwetu watoto wanakiita toroli la babu, nimeshazoea.

Akanionya pia, na onyo hili nalirudia kwa kila anayenisimamisha kuuliza bei. Mtu anayehitaji kuuweka uzito wake wote mikononi, kwa mfano aliyevunjika nyonga juzijuzi, rolata itamkimbia. Yeye anafaa ile fremu ya miguu minne yenye raba chini, unayoinyanyua na kuiweka mbele hatua kwa hatua. Na mzee ambaye akili imeanza kusahausahau, asiyeweza kukumbuka breki kabla ya kukaa, kiti hiki ni mtego kwake.

Baada ya ule mkasa wa getini nikaenda mjini, kwenye duka la vifaa tiba. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu, lakini alikuwa anauza kiti. "Mzee, kaa hapa. Unaona? Kama sofa. Na mfuko wake huu hapa, unaweka simu, unaweka maji." Nikamwambia, kijana wangu, nipe futi. Hakuwa nayo. Yangu ilikuwa mfukoni.

Cha kwanza kupima ni gurudumu. Kile cha Dar kilikuwa na magurudumu ya inchi 6. Kwenye vigae ni sawa, hata yanakata kona vizuri zaidi ndani ya nyumba. Lakini gurudumu dogo likikutana na jiwe la ukubwa wa ndimu haliwezi kulipanda, linaligonga tu. La inchi 8 linalipanda ukilisukuma kwa subira. Dukani kilikuwepo kimoja cha inchi 8, rangi yake ya damu ya mzee imekwaruzwakwaruzwa, kimewekwa nyuma kabisa kwa sababu si kizuri. Hicho ndicho nilichotaka. Nikauliza pia upana wa tairi lenyewe, maana jembamba linazama kwenye tope la hapa kwetu kama kisu kwenye siagi, na kuanzia Novemba hadi Aprili hatuna barabara, tuna tope.

Vishikio: simama wima, umevaa viatu unavyovaa kila siku, mikono imening'inia. Kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kiganja na mkono, pale unapofunga saa. Ukikishika, kiwiko kinakunjika kidogo. Kijana alikuwa ameviacha juu kabisa kwa sababu ndivyo vilivyotoka kiwandani. Ukitembea na vishikio vya juu, mabega yanapanda masikioni, jioni shingo inalia.

Halafu kiti. Hiki ndicho watu wanachokiangalia kwanza na ndicho wanachokipima vibaya. Mimi si mrefu. Kiti cha kile cha kwanza kilikuwa sentimita 55 kutoka chini. Nilikaa visigino vikielea kama mtoto kanisani. Ukikaa miguu haijakanyaga chini vizuri, siku ya kusimama utasimamia nini? Hiki cha pili ni sentimita 50, nakaa nyayo zote mbili chini, nainuka mwenyewe. Kuna kibandiko kinachosema kinabeba hadi kilo 136. Mimi nina 84, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Uzito wa kigari chenyewe kijana hakuujua. Jirani ya duka kulikuwa na mama anauza viazi, nikamwomba mizani yake. Kilo 7 na nusu. Mama yule alicheka, akasema siku nyingine nilete na ng'ombe. Cha Dar ni cha chuma, kilikuwa kinapita kilo 10, na kukinyanyua kuvuka mtaro ni kazi ya mtu mwenye kiuno kizima. Hiki ni cha alumini. Bei alianza 340,000, tukaishia 300,000 kwa sababu ya ile mikwaruzo. Simlaumu mtu, ila nilitegemea hata karatasi ya maelezo. Haikuwepo.

Kwa hiyo breki nilijifunza mwenyewe, na hapa naomba nichukue muda wangu.

Kuna wenzo mmoja kila mkono. Ukiuvuta juu kama breki ya baiskeli, kigari kinapunguza mwendo. Ukiusukuma chini mpaka usikie *ta!*, gurudumu la nyuma limefungwa, hapo ndipo unaweza kukaa. Nilipokigeuza chini juu pale nyumbani nikatabasamu peke yangu: ni kiatu kidogo cha breki kinachobana gurudumu lenyewe kwa juu. Behewa tulilokuwa tunalikagua lilikuwa na mtindo huohuo, tofauti ni ukubwa na nguvu inayokisukuma. Sasa mtu wa reli anajua mambo mawili kuhusu breki ya namna hiyo. Ikilowa au ikipakaa tope, inateleza. Na gurudumu likilika, nafasi kati yake na kiatu inaongezeka, wenzo unafika chini na gurudumu bado linazunguka. Hauoni kwa macho. Unajua siku umekaa.

Mimi nilijua nje ya kanisa, Jumapili moja ya Machi. Uwanja wetu una mwinamo kidogo, mwinamo ambao hata mpira wa watoto unaukataa. Nikarudi kinyumenyume mpaka kiti kikagusa miguu kama nilivyofundishwa, nikafunga breki, *ta* ya kulia nikaisikia, ya kushoto nikaidhania. Nilipokaa, upande wa kushoto ukaondoka. Kigari kikazunguka kama mlango, nikatua kwa makalio mbele ya wanakwaya wote. Sikuumia. Lakini tangu siku hiyo nikishafunga nakisukuma kwanza kwa mkono, kisipotikisika ndipo nakaa. Mke wangu anasema nakikagua kama behewa la mafuta. Ndiyo, nakikagua.

Kurekebisha ni kazi ya dakika tano. Waya wake unafanana na wa breki ya baiskeli, una nati ndogo ya kukazia. Fundi baiskeli wa hapa njia panda ananikazia kwa spana namba 10, mara nyingi hata hela hataki. Waya wenyewe nimeshabadilisha mmoja, tumetumia wa baiskeli, tukaukata kwa urefu. Wakati wa mvua, kila nikirudi nyumbani nafuta viatu vya breki na magurudumu kwa tambara.

Kwenye mteremko nakamata breki zote mbili kidogokidogo tangu juu, sisubiri kikolee. Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa sana. Tumeona malori yakifeli breki kwenye mteremko wa Mbalizi, tunajua kwamba dereva aliyesubiri kukolea hakuwa na nafasi ya pili. Kupanda ni rahisi kuliko nilivyodhani, ila nakaa nacho karibu, miguu yangu iwe katikati ya magurudumu ya nyuma. Nikikiacha kiende mbele mikono ikanyooka, mgongo unainama kupita kiasi na kigari ndicho kinanivuta.

Kitu kimoja mjukuu wangu alikipenda sana na nimekipiga marufuku: mimi nikae, yeye asukume. Hiki si kiti mwendo. Hakina pa kuweka miguu, nyayo zinaburuzika chini, zikikwama unapinduka. Na kikigonga jiwe kwa nyuma unaanguka chali. Alinuna siku mbili.

Daladala bado ni vita. Kinakunjwa kwa kuvuta ule mkanda katikati ya kiti, pande mbili zinakutana, kinabaki chembamba kama mwamvuli mnene. Konda mmoja alitaka nilipie nauli ya mzigo. Nikamwuliza, "Mwanangu, na fimbo ningelipia?" Abiria wakanisaidia kumsema. Lakini ngazi ile ya Hiace iko juu, nayo rolata haisaidii chochote. Mtu mmoja akipokee kwanza ndipo nipande kwa kushika mlango. Siku za kwenda mbali nachukua bajaji, nakilaza mbele ya magoti. Ndani ya nyumba nako, mlango wa choo chetu una sentimita 60 na kigari kina 63. Nakiacha nje, nimefunga bomba la chuma ukutani la kushika. Pima milango yako kabla ya kulipa, mimi nilipima baada.

Ninapokipenda hasa ni msibani. Zamani nilikuwa naacha kwenda mazishi ya mbali kidogo, kwa sababu kusimama kaburini saa nzima nisingeweza, na kuomba kiti wakati wafiwa wenyewe wamekaa chini naona haya. Sasa nakwenda na kiti changu. Nasimama na wanaume wenzangu, kiuno kikinibana nakaa palepale, simsumbui mtu. Mwezi uliopita kule Nzovwe mzee mmoja mkubwa kuliko mimi alikuwa anayumba. Nikamwachia kiti, breki nimezikagua mimi. Akakaa mpaka ibada ikaisha, kisha akaniuliza bei.

Kile cha Dar hakijaoza. Nimempa dada yangu anayekaa Sae, nyumba ya vigae, uwanja wa saruji. Kwake kinafaa kabisa na anakisifu kuliko mimi ninavyosifu changu. Vishikio nilimshushia, kiti kinamfaa kwa sababu yeye ni mrefu, alifuata upande wa mama.

Nina miezi 14 na hiki cha damu ya mzee. Povu la kiti limeanza kubonyea upande mmoja, mfuko umechanika, mke wangu ameushona kwa uzi wa viatu. Kinachonikera ni magurudumu ya akiba. Ya nyuma yamelika mpaka fundi amefika mwisho wa nati, na dukani wananiambia ninunue kigari kipya chote. Kwa magurudumu mawili! Nimepima ekseli, ni milimita 8. Juzi Mwanjelwa kwenye mitumba nimeona kigari cha mtoto mchanga, kimevunjika turubai lakini magurudumu mazima, ya inchi 8, na tundu lake kwa macho linafanana. Mwenye nayo anataka 25,000. Jumamosi nakwenda na futi.