Waini nyekundu kavu ya Dodoma: ipi ununue kwa ajili ya nyama

Mtu akionja waini nyekundu kavu, yaani isiyo tamu, ya Dodoma kwa mara ya kwanza, neno linalomtoka ni "chachu". Hajakosea. Makutupora, zabibu nyekundu iliyozoeleka huko, ina uchachu wa kukumbusha ukwaju, na ukakasi kidogo, ule wa kukausha ulimi kama umetafuna bibo. Ukiinywa bila chakula kwenye kochi utaisusa. Iweke kando ya mbavu za mbuzi zinazochuruzika mafuta: ule uchachu unafanya kazi ya ndimu, na pande linalofuata linaonekana jipya.

Kwa hiyo nazipanga kwa sahani, si kwa sura ya chupa.

Ya kwanza ni Dodoma Dry Red ya Tanzania Distilleries, wale wale wa Konyagi. Ni nyepesi, haina makuu, na huhitaji kuitafuta sana. Mbuzi choma, mishkaki, maini ya kukaanga, hata kachumbari iliyokamuliwa ndimu haiishindi. Pilipili kichaa ndiyo ya kuangalia. Hufanya kileo kiunguze koo.

Ya pili ni ya Syrah, aina ya zabibu nyekundu, iliyolimwa Dodoma. Hii ni nzito zaidi, rangi ya zambarau iliyoiva, ina harufu ya pilipili manga, na pilau ya ng'ombe ndiyo jamaa yake. Cetawico, watengeneza waini wa Hombolo huko Dodoma, wamelima Syrah pamoja na mbegu za Kiitaliano kama Aglianico na Teroldego. Kwa ladha tupu ningeipa nafasi ya kwanza, ila ukiwa nje ya Dodoma kuipata ni bahati.

Ya tatu ni ya boksi kutoka Afrika Kusini. Wageni wakiwa wengi, chukua hiyo. Mfuko wa ndani hujikunja waini inavyotoka, hewa haiingii, hivyo inakaa wiki kadhaa. Kwa ng'ombe inafaa. Kwa mbuzi naiona imepooza.

Dompo na ndugu zake watamu nawaweka mwisho, maana hapa nazungumzia mlo wa nyama. Chupa hufanana rafuni, basi tafuta neno "dry" kwenye lebo kabla ya kulipa. Na kama jioni hiyo ni samaki wa kupaka, achana na nyekundu kabisa, kwani ikikutana na samaki huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni. Dodoma wanalima zabibu nyeupe ya Chenin Blanc pia. Chukua nyeupe yake.

Dodoma huvuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Zabibu za kiangazi ndizo bora, maana za masika hushambuliwa na ukungu na hujaa maji. Lebo nyingi hazisemi ni mavuno yapi, kwa hiyo macho yako yawe kwenye duka. Niliwahi kununua chupa iliyopangwa dirishani, jua la Dar likiipiga mchana kutwa. Kizibo kilikuwa kimejitokeza kidogo na shingo inanata. Nikajifanya sijaona. Ilimiminika ya kahawia, inanuka siki.

Wanaosema inywewe kwa joto la chumba hawajakaa chumba cha Dar. Ipe nusu saa kwenye friji. Ikibaki, rudisha kizibo, irudishe humo, itakaa siku tatu. Ya siku ya nne nenda nayo kwenye sufuria ya rosti.