Mandara kwa siku moja, kwa ajili ya Baba

Kama mzee wenu alikuwa mtu wa milima na mnatafuta namna ya kumkumbuka bila maturubai na spika, nawapendekezea matembezi ya siku moja hadi vibanda vya Mandara, njia ya Marangu ya kupandia Mlima Kilimanjaro. Marehemu baba alikuwa mwalimu, na likizo zake ziliishia msituni. Ulipotimia mwaka tangu tumzike, tulipanda: mama, sisi watoto, na wajukuu waliomkuta akiwa hai.

Getini kuna kumbukumbu ya Yohani Lauwo, mwenyeji wa Marangu anayetajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Baba hakuwahi kuipita bila kusimama, nasi tukasimama.

Sifa kubwa nampa mwongozaji. Alimwamkia mama, kisha akamwambia, "Leo wewe ndiye mbele, mama. Sisi tunafuata miguu yako." Njia ni kilomita 8 hivi, na wengi huimaliza kwa saa tatu au nne. Sisi tulichelewa zaidi ya hapo, na hakutuharakisha hata mara moja. Alimuuliza mama baba alipenda nini humu ndani. Basi kila penye mbega juu ya miti tulisimama, na alitutafutia lile ua dogo jekundu na njano lenye umbo la mkonga wa tembo, ambalo huota Kilimanjaro tu. Baba alikuwa akituonyesha ua hilo tukiwa wadogo. Binti yangu alilala kifudifudi kwenye tope ili alitazame vizuri.

Mama alikuwa amebeba isale, mmea wa heshima kwetu Wachagga, akitaka kulipanda kreta ya Maundi, mwendo mfupi kutoka Mandara. Yule kijana mwongozaji alimweleza kwa upole kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi kupanda wala kuacha kitu. Tukasali pale ukingoni, kilele cha Mawenzi kikiwa wazi mbele yetu, na mama akashuka nalo. Sasa liko kihambani, shambani kwetu nyumbani, upande wa kichwani pa baba, na limeshika.

Kilichonisikitisha ni chakula. Kampuni iliyotupangia safari ilitupa boksi za chipsi zilizopoa na kuku mkavu, chakula kisichomfaa mzee aliyepanda hadi mita 2,720. Chukueni mtori wenu kwenye chupa ya chai, na ndizi mbivu.

Anzeni asubuhi mapema, maana mchana mawingu hufunika kila kitu. Epukeni masika, Machi hadi Mei. Mizizi huteleza vibaya na kwa mama isingewezekana. Wazee wachukue fimbo mbili, na koti la mvua hata kama jua linawaka.

Na ombeni mapema mwongozaji wa Marangu au vijiji vya jirani, anayejua kutembea na wazee. Shangazi, dada yake baba, naye anataka kwenda, na nimeshaongea na kijana yuleyule kwa ajili ya Januari.