Kliniki ya Methadoni Muhimbili: Maoni ya Dada wa Mgonjwa
Marehemu kaka yangu, aliyesumbuliwa na sonona kabla hata hajaonja heroini, alihudhuria kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2011, ambako dawa hutolewa bila malipo na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Wauguzi walimwita kwa jina lake, wala hawakumwita teja, na kwangu hilo lilizidi dawa yenyewe. Nauli ya kila siku kutoka Mbagala ilitulemea. Familia na ijipange mapema. Alianza tena kunyoa ndevu na kula nasi mkekani, na alfajiri, kabla ya kupanda daladala, alimwagilia mchicha wa mama. Nawashukuru wauguzi hao kwa miaka hiyo miwili ya matibabu yake.