Geji ya upepo ya elfu kumi na tano, imenigombanisha na fundi tairi wangu

Nimeinunua Kariakoo kama miezi mitatu iliyopita, ya kidigitali, ndogo inaenea mfukoni, haina hata jina la maana. Sababu ni fundi tairi wa mtaani kwetu, mtu wangu kabisa, ila kwake kila gari ni PSI 40 (PSI ndo kipimo cha upepo wa tairi), uje na Passo uje na Noah imejaa ndugu wanaenda msibani, 40 tu. Nikamuuliza mbona hivo akanionyesha ubavuni mwa tairi, "si wameandika 44 hapa kaka, sisi tunabakiza kidogo". Nikakubali. Mwaka mzima gari inarukaruka kwenye matuta mi najua ni shokapu, nusura nizibadilishe.

Kumbe ile namba ya ubavuni ni mwisho wa tairi yenyewe kubeba upepo, ya gari lako iko kwenye stika, fungua mlango wa dereva utaiona pale kwenye nguzo. Kwa haya magari yetu yametoka Japani stika ni Kijapani kitupu ila namba si zinasomeka, yangu 220 kPa mbele na nyuma, na hapa ndo geji imenikosha, ina kitufe cha kubadilisha vipimo, PSI, bar, kPa, kwa hiyo nasoma ile ile ya kwenye stika bila kupiga hesabu (220 ni kama 32 PSI). Ila cheki na saizi ya tairi wakuu, stika inaongelea zile saizi za kiwandani, kama umeweka rimu kubwa ni habari nyingine.

Asubuhi ya kwanza nikapima: 43, 44, 42, na moja 27!! Yaani hata hiyo 40 ya fundi haikuwa 40, na ile ya 27 ina msumari. Ndo nikaelewa kwa nini tairi zimelika katikati pembeni bado nzima.

Kuna siku nimefika Morogoro nikapima hapo hapo, inasoma 36, nikajifanya mjanja nikatoa upepo mpaka 32, kesho asubuhi nakuta 28. Tairi ikipata moto upepo unapanda, pima gari imelala au imekaa hata masaa matatu.

Mabaya yake: taa hafifu, usiku unamulika na simu. Usipoikaza vizuri kwenye valvu inapiga psss na upepo unaondoka. Inajizima haraka mno. Usahihi sina shida nao, nimelinganisha na ya sheli zimepishana 1 tu.

Halafu pimeni spea, ile nyembamba inataka 60, yangu ilikuwa na 20, sijui ningefika nayo wapi.

Fundi kaninunia. Siku hizi nikipaki tu anauliza kwa sauti wote wasikie, "haya injinia, leo tuweke ngapi?"