TAHADHARI: Nimeuziwa valvu ya gari yangu mwenyewe kwa 220,000

Wakuu, mnaonunua spea Kariakoo upande wa Gerezani, someni hii kabla hamjatoa hela. Nimekaa nayo wiki nzima kwa aibu, maana mimi ndiye huwa nawaambia watu wasinunue hata taa ya nyuma bila kuishika mkononi. Nikaishika mkononi, nikapigwa hivyohivyo.

Gari ni Toyota IST. Ilianza kutetemeka kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, taa ya injini ikawaka, halafu Jumanne ikanizimikia Buguruni kwenye taa. Nyuma yangu daladala inapiga honi, konda amening'inia mlangoni anamtaja mama yangu. Fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikasoma P0011, yaani kemshafti (chuma kinachozunguka na kufungua valvu za silinda) ya upande wa hewa imetangulia kuliko kompyuta ya gari ilivyoagiza. Akaichomoa valvu ya oili ya VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu za silinda kufunguka, kitu chenyewe kidogo tu, kimejaa tope jeusi la oili. Wakati anatoa soketi ya waya, bisibisi ikateleza ikamega kijisikio cha plastiki. Akaniambia, "Nenda nayo kama sampuli bosi, wasije wakakupa ya injini nyingine." Hicho kijisikio msikisahau.

Dukani nikamkuta mzee mmoja ametulia, baraghashia safi, shati limepigwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanivutia kiti, akamtuma mtoto soda. Valvu yangu akaigeuza mara mbili mkononi, akamwita kijana wake: "Kailinganishe na zile za stoo." Kijana akaondoka nayo.

Tukabaki tunaongea. Hapa ndipo naomba mnielewe, maana mama watoto bado ananiuliza nililogwa au vipi. Yule mzee anaijua injini! Alinielimisha kuliko mafundi wote niliowahi kuwalipa. Akasema chukulia silinda ni daladala yenye milango miwili, mmoja wa kupanda, mmoja wa kushuka. Hewa na mafuta ndio abiria wanaopanda, moshi ndio wanaoshuka. Gari ikiwa kwenye sailensi, kila kitu kinakwenda polepole. Ukiwahi kufungua mlango wa kupanda wakati wa kushuka bado uko wazi, wanaoshuka wanarudi ndani, wanabanana na wanaopanda, injini inatetemeka, mwisho inazima. Lakini ukikanyaga mafuta, moshi unatoka kwa kasi hadi unaivuta hewa mpya nyuma yake, kwa hiyo hapo ni faida mlango wa kupanda ufunguliwe mapema. Injini za zamani ratiba ilikuwa moja tu, imefungwa na cheni au mkanda, na waliotengeneza walilazimika kuchagua wamridhishe nani: wa kwenye foleni au wa barabara kuu. VVT-i inamruhusu konda abadilishe ratiba njiani.

Nikamuuliza inabadilishaje wakati cheni haikatiki wala hairuki jino. Akachukua gia ya kemshafti iliyopasuliwa, anayo pale juu ya meza, akanionyesha ndani: kuna mabawa, na kila bawa lina chumba cha oili huku na huku. Oili ikisukumwa chumba hiki, kemshafti inajizungusha kidogo mbele ya gia yake. Ikisukumwa cha pili, inarudi nyuma. Kuna na kipini kinachoifunga wakati wa kuwasha, kabla presha ya oili haijapanda. Anayeamua oili iende wapi ni hiyo valvu, nayo inapokea amri ya umeme kutoka kwenye kompyuta. Valvu ikikwama na uchafu upande wa kutanguliza, unapata ile P0011 yangu. Akaongeza na Honda, kwamba VTEC yao ya tangu 1989 inabadilisha mpaka kimo cha valvu za silinda kufunguka, wakati hii ya kwangu inagusa muda tu.

Nimehakiki yote hayo baadaye. Ni kweli tupu, neno kwa neno. Mtu aliyeniibia hakunidanganya hata sentensi moja kuhusu injini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Darasa lilichukua kama dakika arobaini. Kijana akarudi na boksi, limefungwa na stika, namba inaanza na 15330, ambayo kweli ndiyo namba ya valvu hizi za Toyota. Ndani valvu inang'aa. Mzee akatoa betri ya pikipiki na nyaya mbili, akagusisha: tak! Akagusisha tena: tak! "Unasikia mwenyewe? Mpya kabisa." Akaanza na 280,000, tukashuka mpaka 220,000, nikajiona mjanja. Nikaulizia ile ya zamani. Akasema, "Imeshatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu mwanangu, ulitaka kuirithi?" Tukacheka wote. Nilicheka, jamani. Nikamwachia na mtoto elfu mbili ya soda.

Siku nne gari ikatulia kama maji mtungini. Siku ya tano, Mbezi, taa ikawaka. Mashine ikasoma P0011 vilevile. Fundi akaichomoa "mpya" yangu, akaangalia soketi, akanyamaza. Kijisikio kimegandishwa na supagluu, ufa mweupe unaonekana, palepale bisibisi yake ilipoteleza. Ile dakika arobaini ya darasa, kijana alikuwa nyuma anaiosha valvu yangu.

Nikarudi siku hiyohiyo. Mzee yuleyule, utulivu uleule: "Mwanangu, una risiti?" Ninayo karatasi ya daftari, imeandikwa "valvu 1, 220,000" na sahihi kama mguu wa kuku. "Hii haina jina la duka letu. Na vifaa vya umeme havirudishwi." Nikapandisha sauti, watu wakajaa, jirani yake mmoja akaniambia nisimvunjie mzee heshima. Yaani mkosa heshima nikawa mimi!

Jina la duka silitaji kwa sababu shemeji amenikataza, anasema nitashitakiwa mimi. Lakini watu hawa wafungiwe. TRA, watu wa kodi, wawapitie kwanza kwa biashara bila risiti ya EFD, ile ya mashine, halafu Tume ya Ushindani waje na gari wabebe yale maboksi yote, maana boksi jipya juu ya kitu kilichooshwa ni bidhaa bandia tu, hata kama chuma chenyewe ni halisi. Na yule mzee akae ndani, darasa akawape mahabusu wenzake.

Mtaniuliza dalili. Zilikuwepo. Valvu ilinuka petroli na ilikuwa ya motomoto, nikaambiwa stoo ni ya mabati. Kwenye tundu la bolti kulikuwa na alama ya kukaza. Sampuli ikiondoka machoni pako, piga picha kwanza, au weka alama ya kucha mahali wasipopajua, na ya zamani uidai kabla hujalipa. Ile "tak" inaonyesha koili inapata umeme na cha ndani kinasogea tu, haisemi kama kitu ni kipya wala kama kitateleza vizuri ndani ya oili chafu. Fundi wangu alipima koili na mita ikasoma omu 7 na ushei, nzuri kabisa. Maana yake haikuwahi kufa.

Dawa yenyewe? Aliiosha tena valvu, akafungua bolti ya pembeni akatoa kifilta cha wavu kinachochuja oili ya mfumo huo, kilikuwa kimeziba kama chujio la chai la hotelini. Akamwaga ile oili nzito tuliyokuwa tunaongezea kwa sababu ni rahisi, akaweka nyepesi ya 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta mpya. Sijamlipa hata nusu ya nilichoacha Gerezani. Hii ni wiki ya pili sasa, jana nimesimama kwenye taa za Buguruni na injini haikutetemeka.

Kwa hiyo valvu ya 220,000 iko kwenye gari, inafanya kazi. Boksi lake mama watoto anawekea sindano na vifungo, na wageni wakiuliza ni la nini, anawaambia waniulize mimi.